Wazee 98 wa Visiwa vya Faroe

Vitabu vya shule vina jibu fupi. Historia ya chanjo, vinasema, inaanza tarehe 14 Mei 1796 huko Berkeley, Uingereza. Tabibu wa mji ule alichukua usaha kwenye kidonda cha mkama maziwa aliyepata ndui ya ng'ombe, akautia kwenye mchanjo wa mkono wa mvulana wa miaka minane. Majuma machache baadaye akamchanja mvulana yuleyule ndui yenyewe. Mvulana hakuugua. Sehemu kubwa ya kisa hiki ni kweli. Lakini irudie hatua ile ya mwisho, ya kumtia mtoto ndui halisi kwa makusudi. Tabibu hakuibuni. Yeye mwenyewe alichanjwa ndui utotoni, na katika nchi yake kila mtu alifahamu kwamba mwili ukishaonja maradhi hayo huyakataa mara ya pili. Ikiwa jambo hilo lilikuwa la kawaida mwaka 1796, nani alilijua kwanza?

Nikaanza kurudi nyuma. Mwaka 1774, kijijini Yetminster katika jimbo la Dorset, mkulima mmoja alisikia ndui imekaribia. Akachukua sindano ya kufumia soksi, akawachanja mkewe na wanawe wawili kwa usaha wa ndui ya ng'ombe. Hiyo ni miaka 22 kabla ya Berkeley. Kuhusu yule msichana mkama maziwa anayesimuliwa kila mahali, aliyejigamba mbele ya tabibu kijana kwamba ndui haimpati tena, nilimtafuta katika kijitabu ambacho tabibu alikichapisha mwaka 1798. Kisa hicho hakimo. Kilienezwa na mwandishi wa maisha yake baada ya tabibu kufariki. Basi wakulima walikuwa na maarifa yao, na masimulizi yakapambwa baadaye. Lakini ule mchanjo wa ndui halisi, uliokuwa Uingereza kabla ya hawa wote, ulitoka wapi?

Njia ilinifikisha Boston, mwaka 1721. Aprili mwaka huo meli kutoka Karibea ilitia nanga, na ndui ikashuka nayo. Mji ulikuwa na watu wapatao 11,000. Karibu 6,000 waliugua, na 844 wakafa. Daktari mmoja alithubutu kuchanja: alianza na mwanawe wa miaka sita na watumwa wake wawili, akaendelea hadi watu mia mbili na ushei. Kati ya hao walikufa sita. Wengi mjini walikasirika. Bomu lilirushwa dirishani kwa mchungaji aliyemshawishi daktari, ila halikulipuka. Mchungaji huyo alikwisha kueleza chanzo chake katika barua aliyoipeleka London mwaka 1716. Alimuuliza Mwafrika aliyekuwa mtumwa nyumbani kwake kama amewahi kuugua ndui. Akajibiwa ndiyo na hapana: kwao alichanjwa, akaumwa kidogo, na tangu hapo haogopi. Akaonyeshwa kovu mkononi. Kwao ni wapi?

Hapo nilikwama. Barua inataja asili ya mtumwa huyo kwa namna ambayo wanahistoria wanaisoma tofauti. Wengine wanaiona Ghana ya leo, wengine kusini mwa Libya. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba maneno ya shahidi mkuu yametufikia kwa kalamu ya mtu aliyemmiliki. Hata hivyo mchungaji anaandika kwamba aliwauliza Waafrika wengine mjini, kila mmoja kwa wakati wake, wakamweleza jambo lilelile. Mashahidi wengi wanaokubaliana wana uzito. Siku hizi husemwa kwamba mtumwa mmoja aliuokoa mji wa Boston. Siwezi kulikubali hilo, maana sehemu kubwa ya mji ilikataa kuokolewa. Ninachokubali ni kwamba watu waliotekwa na kuuzwa ng'ambo walivuka bahari na maarifa ya tiba ambayo waliowanunua hawakuwa nayo. Je, walikuwa peke yao?

Hapana. Edirne, katika dola ya Uturuki, mwaka 1717, mke wa balozi wa Uingereza aliandika juu ya vikongwe waliopita majumbani na ganda la jozi lililojaa usaha wa ndui, wakichanja watoto kwa sindano joto la kiangazi likishapungua. Mwaka uliofuata, akiwa Istanbul, alimchanjisha mwanawe. Kusini zaidi, katika nchi ya Sennar nchini Sudan, wasafiri wa karne ya 18 waliwakuta akina mama wakinunua ndui. Mama alikwenda kwenye nyumba ya mgonjwa, akafunga kitambaa cha pamba kwenye mkono wa mtoto mwenye vipele, wakapatana bei ya kila kipele, kisha akarudi nyumbani na kukifunga kitambaa kile kwenye mkono wa mwanawe. Nikaendelea hadi China. Huko walivuta puani unga wa magamba makavu ya ndui. Zipo hadithi zinazoipeleka desturi hiyo hadi miaka elfu iliyopita, lakini hadithi hizo ziliandikwa karne nyingi baada ya matukio yanayodaiwa. Maandishi ya kutegemewa yanaanza karne ya 16. Kila mkondo niliopanda uliishia kwa watu ambao nao walisema wameyakuta maarifa hayo kwa wazee wao. Je, nilikuwa nikiuliza swali lisilojibika?

Nadhani ndivyo. Mwaka 430 kabla ya Kristo tauni iliingia Athens, na mwanahistoria aliyeugua akapona aliandika kwamba hakuna aliyeshikwa mara ya pili kiasi cha kufa. Waliopona ndio waliowauguza wenzao, kwa kuwa hawakuwa na hofu. Hata leo maradhi yale hayajulikani kwa hakika yalikuwa yapi, lakini kanuni ipo pale, wazi kabisa, zaidi ya miaka 2,200 kabla ya Berkeley. Ni kanuni inayoonekana kwa yeyote aliyewahi kuuguza. Kwa hiyo niliacha kumtafuta mtu wa kwanza. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na ndilo lililonifunga katika safari hii: ikiwa mwili unamkumbuka adui, unamkumbuka kwa muda gani?

Swali hilo haliwezi kupimwa mahali popote tu. Katika mji mkubwa surua hairudi kwa kuwa haiondoki. Mtu aliyeugua utotoni anakutana nayo tena na tena kwa watoto wa jirani, na kila mara mwili wake unakumbushwa. Ili kupima kumbukumbu tupu unahitaji mahali ambapo maradhi yalipita mara moja, yakatoweka kwa umri wa mtu mzima, kisha yakarejea. Halafu awepo mtu mwenye daftari siku yanaporejea. Mahali kama hapo pamewahi kuwapo?

Palikuwapo. Visiwa vya Faroe viko Atlantiki ya kaskazini, kati ya Norway na Iceland, chini ya Denmark. Surua ilivipitia mwaka 1781, ikakoma. Miaka 65 ikapita bila mgonjwa. Tarehe 28 Machi 1846 seremala kutoka Copenhagen alishuka Tórshavn, na siku chache baadaye akatokwa na vipele. Kabla mwaka haujaisha, zaidi ya watu 6,000 kati ya takribani 7,800 walikuwa wameugua. Serikali ilipeleka madaktari vijana wawili. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka 25, alizunguka kwa mashua na kwa miguu katika vijiji 52, akaandika watu wanakula nini, wanalala wapi, na nani alikutana na nani siku gani. Ripoti yake ndiyo rekodi niliyokaa nayo kuliko nyingine zote. Vijiji vile vilitenganishwa na milima na bahari, na ugeni ulikuwa tukio linalokumbukwa kwa tarehe. Alipata nini kutokana na tarehe hizo?

Mfano mmoja unatosha. Tarehe 4 Juni, mashua yenye wanaume kumi kutoka kijiji cha Tjørnuvík ilishiriki mawindo ya nyangumi huko Vestmanna. Tarehe 18 Juni wote kumi walitokwa na vipele. Siku 14. Hesabu hiyo ilijirudia kijiji baada ya kijiji. Leo tunajua kinachoendelea katika majuma hayo mawili ya ukimya. Virusi vinaingia kwa njia ya hewa, vinazaliana kwenye tezi za limfu, vinasambaa. Mwili nao, usiowahi kuviona, unazo seli chache mno zenye umbo la kuvitambua, na hizo chache zinahitaji siku kadhaa ili zigawanyike ziwe jeshi. Vipele vyenyewe ni alama kwamba jeshi limefika: ni seli za kinga zikizishambulia seli za ngozi zilizokwisha kuvamiwa. Wanaume wa Tjørnuvík walichelewa kwa kuwa miili yao ilikuwa inaanza somo. Na wale waliolisoma mwaka 1781?

Wao ndio kiini cha makala hii. Daktari kijana aliwatafuta wazee waliougua surua utotoni, miaka 65 nyuma. Aliwapata 98. Hakuna hata mmoja aliyeugua tena. Nilipofika hapo nilisita, kwa sababu namba safi kiasi hicho inastahili kutiliwa shaka. Pengine uzee wenyewe unakinga? Haiwezekani, maana ripoti inasema wazee ambao surua haikuwafikia mwaka 1781 walishikwa kama vijana. Pengine ni urithi wa damu? Watoto na wajukuu wa ukoo uleule waliumwa nyumba moja nao. Pengine walikuwa wakikumbushwa kimyakimya? Visiwa havikuwa na surua. Nilijaribu kila mlango niliouona na milango yote ilikuwa imefungwa. Mwili wa mtoto uliandika kitu mwaka 1781, na mwaka 1846 mwili wa kikongwe ukakisoma bila kukosea. Kimeandikwa wapi?

Daktari wa Faroe hakuweza kujua. Hadubini za siku zake zilionyesha seli, lakini hakuna aliyejua zinapigana na nini. Hatua iliyofuata ilikuwa Messina, Sicily, mwishoni mwa mwaka 1882. Mwanasayansi aliyetoka Urusi alichukua viluwiluwi vya kiti cha pwani, ambavyo miili yao inapitisha mwanga, akavichoma kwa miiba ya waridi. Kulipopambazuka aliona seli zimeuzingira mwiba. Kisa hiki husimuliwa kama ufunuo wa usiku mmoja, na wengine huongeza kwamba miiba ilikuwa ya mti wa Krismasi. Maelezo yake mwenyewe, yaliyoandikwa zaidi ya miaka 20 baadaye, yanasema waridi la bustanini. Tena alikwisha kuona seli zikimeza chakula ndani ya minyoo tangu mwaka 1865, kwa hiyo ufunuo ulikuwa umeiva muda mrefu. Ushahidi wa msingi hata hivyo umesimama: ngozi ikipasuka, seli nyeupe hufika ndani ya saa chache na kuwameza bakteria mmoja mmoja. Wekundu, joto na usaha wa kidonda ni kazi yao. Lakini seli hizi zinameza mgeni wa jana na wa leo kwa namna ileile. Zingewezaje kuwatofautisha wale wazee na wajukuu wao?

Jibu lililotoka Berlin lilikwenda upande mwingine. Tarehe 4 Desemba 1890 watafiti wawili, Mjerumani na Mjapani, walichapisha kwamba wanyama waliopewa kinga dhidi ya pepopunda au dondakoo wanaibeba kinga hiyo katika seramu, yale majimaji yanayobaki damu ikishaganda. Seramu haina seli. Ukiichoma kwa mnyama mwingine, naye anasalimika. Na inachagua: ya pepopunda haisaidii dondakoo. Ndani yake mna protini tunazoziita kingamwili, kila moja na umbo la adui wake. Kambi mbili zikazozana kwa miaka, moja ikishikilia seli, nyingine seramu. London mwaka 1903 ilionekana kwamba seli zilizooshwa zikaondolewa seramu huwaacha bakteria wapite, na zikirudishiwa seramu huwameza. Kingamwili huwapaka bakteria, seli huwala. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1908 iligawanywa kati ya kambi hizo mbili. Je, kesi ilikuwa imekwisha?

Kwa bakteria wengi, karibu. Bakteria wa homa ya mapafu hujifunika kwa gamba la sukari ambalo seli haziwezi kulishika mpaka kingamwili zilipake, na wana aina zaidi ya 90 za magamba. Ukiikumbuka moja hujazikumbuka nyingine. Pepopunda ni wa ajabu zaidi. Mtu anayeugua akapona hapati kinga, kwa kuwa sumu inayotosha kuua ni kidogo kuliko inayohitajika kuufundisha mwili. Ndiyo maana hata aliyepona lazima achanjwe. Virusi navyo vina tabia nyingine kabisa. Vikiwa nje, kwenye damu au kamasi, kingamwili zinavinasa. Vikishaingia ndani ya seli, kingamwili haziwezi kuvifuata. Seli iliyovamiwa hutoa interferoni, kemikali ya kuwaonya majirani iliyogunduliwa London mwaka 1957. Onyo hilo hununua muda tu. Nani basi anayeingia kuzima moto ndani ya nyumba?

Ushahidi ulitokea mahali nisipoutazamia, kwa watoto waliozaliwa na upungufu. Mwaka 1952 daktari nchini Marekani alieleza juu ya mvulana wa miaka minane aliyeshikwa na maambukizo makali ya bakteria mara kwa mara. Walipopima damu yake, hawakukuta kingamwili. Maelezo ya watoto wengine kama yeye yalifuata. Na hapa lilijitokeza jambo ambalo kila anayedhani kinga ni kingamwili peke yake anapaswa kulikabili: wengi wao, wakipata surua, walitokwa na vipele kama kawaida, wakapona, na hawakuugua tena. Bakteria waliwashinda, surua wakaishinda. Mlinzi mwingine alikuwapo. Ni seli T, zinazokomaa kwenye tezi ya thaimasi kifuani. Canberra, mwaka 1974, ilithibitika kwamba seli T huzikagua seli za mwili zenyewe, zikatambua alama za virusi kwenye ngozi ya seli iliyovamiwa, na kuiua pamoja na vilivyomo. Je, kumbukumbu ya wale 98 ilikuwa kwenye kingamwili au kwenye seli T?

Kote kuwili, ndivyo ninavyousoma ushahidi. Jeshi la kwanza likishamaliza kazi, sehemu kubwa yake hufa. Wachache hubaki. Baadhi ni seli zinazohamia ndani ya uboho wa mifupa na kuendelea kutengeneza kingamwili zilezile kwa miaka mingi, adui awepo asiwepo. Nyingine ni seli B na seli T za kumbukumbu zinazozunguka kimya, tayari kuamka kwa siku chache badala ya majuma mawili. Uimara wake ulijaribiwa tena. Mwaka 2008 watafiti walichapisha vipimo vya watu 32 walionusurika homa ya mafua ya mwaka 1918, wakiwa na umri wa kati ya miaka 91 na 101. Wote walikuwa bado na kingamwili zinazokitambua kirusi kile, karibu miaka 90 baada ya kukutana nacho. Hata kichanga huazimwa kumbukumbu hii: kingamwili za surua za mama hupita kwenye kondo la nyuma, na ni kwa sababu hiyo Kenya na Tanzania huchanja surua mtoto akifika miezi tisa, mkopo wa mama ukiwa umepungua, kisha tena miezi 18. Kumbukumbu imara hivi inaweza kufutwa?

Inaweza, na anayeifuta ni surua yenyewe. Kirusi cha surua huingia kwenye seli kwa kushika protini iliyoko kwa wingi kwenye seli za kumbukumbu. Kinaziua. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto 77 wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, waliopimwa damu kabla na baada ya mlipuko. Surua iliwapokonya kati ya asilimia 11 na 73 ya aina za kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya virusi na bakteria wengine. Mtoto anapona surua akiwa na kumbukumbu kamili ya surua, na mashimo katika kumbukumbu ya kila kitu kingine. Utafiti wa mwaka 2015 uliolinganisha vifo vya watoto ulionyesha athari hiyo hudumu miaka miwili hadi mitatu, muda ambao watoto wanaweza kuuawa na maradhi ambayo miili yao iliwahi kuyashinda. Chanjo haileti uharibifu huo. Mimi sikubali tena usemi kwamba ni heri mtoto augue surua apate kinga ya asili. Wazee wa Faroe walikuwa mfano bora wa kinga hiyo ya asili. Gharama yake ilikuwa kiasi gani?

Nilirudi kwenye ripoti ya 1846 na swali hilo. Haina jibu, wala isingeweza kuwa nalo. Daktari kijana alikaa visiwani kwa miezi kadhaa, akahesabu waliougua na waliokufa mbele yake, akaondoka. Macho yake yalikuwa kwenye vipele. Vifo vya homa ya mapafu na vya kuhara vya miaka iliyofuata, ambavyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuvihusisha na seremala wa Machi, vinaangukia nje ya kurasa zake. Pa kutazama panabaki vitabu vya mazishi vya makanisa ya visiwa, mwaka 1847 hadi 1849, ukilinganisha vijiji vilivyoshikwa na vile vichache vilivyojifungia surua ikapita nje. Tofauti ikionekana, ni wangapi kati ya wale 6,000 waliokufa kwa surua bila jina la surua kuandikwa?